Mdundo Usiopigwa na Mkono: Sikio la Mengo na Matumizi ya Dhana ya Sinestesia katika Uhakiki wa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna dhana ya sinestesia, yaani hali ambapo kichocheo cha mlango mmoja wa fahamu huamsha pia hisi ya mlango mwingine, inavyotumiwa katika uhakiki wa fasihi na sanaa za Afrika Mashariki. Yanadai kwamba dhana hiyo imebebeshwa mizigo isiyo yake: upana wa maana wa vitenzi vya hisi, ulinganifu wa hisi ulio wa wanadamu wote, na uundaji wa ruwaza ndani ya sikio lenyewe. Kielelezo kikuu ni muziki wa amadinda na entenga uliolelewa katika Lubiri, kasri ya Kabaka huko Mengo, Kampala.

Utangulizi

Mhakiki anayekutana na "sauti tamu" au "maneno machungu" katika shairi la Kiswahili siku hizi huandika, karibu bila kufikiri, kwamba mshairi ametumia sinestesia. Sentensi inayofuata huwa nzito zaidi. Husemwa kwamba Mwafrika kwa asili hazitenganishi hisi zake, kwamba kwake ngoma huonekana na rangi husikika, na kwamba fasihi simulizi ni ushahidi wa hali hiyo. Sentensi ya kwanza ni kosa dogo la istilahi. Ya pili ni dai kuhusu ubongo wa watu, na dai la namna hiyo haliwezi kuthibitishwa kwa beti mbili za shairi.

Mengo inafaa kuwa mahali pa kulipima dai hilo kwa sababu mbili. Kwanza, muziki wa kasri ya Mengo ulizaa mojawapo ya mijadala muhimu ya karne ya 20 kuhusu kile ambacho sikio huunda lenyewe bila kupewa. Pili, Mengo ni mahali ambapo lugha ya makala haya haijawahi kusikika kama sauti tupu. Jambo hili la pili hurukwa katika mikutano ya Kiswahili, labda kwa adabu tu. Hapa halitarukwa.

Milango na nyumba

Kiswahili huzitaja hisi kwa sitiari ya nyumba: milango mitano ya fahamu. Sitiari hii ina busara kuliko inavyodhaniwa. Milango ni mitano, lakini fahamu, iliyo ndani, ni moja. Anayeingia kwa mlango wa jikoni na anayeingia kwa mlango wa mbele hukutana ukumbini. Kwa hiyo swali la kitaalamu si kama hisi hukutana, bali hukutana chumba gani, na nani anayeweza kuzizuia zisikutane.

Sinestesia yenyewe ni hali mahususi. Maelezo ya mwanzo yanayojulikana vizuri yaliandikwa mwaka 1812 na Georg Sachs, Mjerumani aliyeeleza katika tasnifu yake ya udaktari jinsi herufi na namba zilivyomjia zikiwa na rangi. Sifa za hali hii zimechunguzwa sana tangu wakati huo. Huja bila hiari: mwenye nayo haamui kuona rangi anapoisoma herufi A, kama vile msomaji wa kawaida asivyoweza kuamua kutoisoma. Hudumu: mtu huyo akiulizwa tena baada ya miaka, rangi anayoitaja ni ileile. Na ni ya mtu binafsi: wawili wenye sinestesia wanaweza kubishana siku nzima kama A ni nyekundu au ya buluu, na hakuna wa kuwaamua. Uchunguzi wa Simner na wenzake wa mwaka 2006 uliikadiria kuwa kwa watu wapatao 4 katika kila 100.

Maelezo ya kinachotokea ubongoni yako ya namna mbili kuu. Ramachandran na Hubbard (2001) walitilia mkazo ujirani: sehemu ya gamba la ubongo inayoshughulikia umbo la herufi imepakana na ile inayoshughulikia rangi, nao wakapendekeza kwamba kwa baadhi ya watu nyuzi za sehemu hizo mbili zimeunganika kuliko kawaida. Grossenbacher na Lovelace (2001) waliona kwamba njia zinazohusika zipo kwa kila mtu, ila kwa wengi mrejesho kutoka sehemu za juu za ubongo huzuiwa, na kwa wachache kizuizi hicho hulegea. Kwa lugha ya nyumba, wa kwanza wanasema mlango wa ziada umetobolewa ukutani. Wa pili wanasema mlango upo katika nyumba zote, ila katika nyumba chache haukukomewa.

Yote mawili hayamwelezi mshairi aliyeandika "sauti tamu". Wala hayaelezi lile jaribio la McGurk na MacDonald (1976), ambapo mtu husikia silabi "ba" huku akitazama midomo inayotamka "ga", na wengi wakaripoti kusikia "da", silabi ambayo haikutamkwa na yeyote. Hiyo si sinestesia. Ni kazi ya kila siku ya ubongo, hata ya msikilizaji anayekaza macho kwenye midomo ya mzungumzaji sokoni Owino ili amwelewe katikati ya kelele. Kuchanganya hisi ni kanuni ya kawaida; sinestesia ni namna moja adimu ya kuchanganya.

Kusikia harufu

Ushahidi unaopendwa na wahakiki ni kitenzi kusikia. Mswahili husikia sauti, husikia harufu, husikia baridi, husikia uchungu, husikia njaa. Kiganda kinakubaliana nacho: okuwulira ni kusikia sauti, lakini Mganda husema pia mpulira akawoowo pale anaponusa manukato, na mpulira enjala anapoona njaa. Katika lugha zote mbili kitenzi hicho kimefika hadi kwenye utii. Mtoto msikivu kwa Kiswahili ni mtiifu, na kwa Kiganda ni muwulize.

Je, hili linathibitisha kwamba pua na sikio la Mbantu ni kitu kimoja? Linathibitisha tu kwamba kitenzi kimoja kinahudumia milango kadhaa. Åke Viberg, katika utafiti wake wa vitenzi vya hisi katika lugha nyingi (1983), alionyesha kwamba vitenzi vya kuona na kusikia hupanuka mara kwa mara hadi kufunika hisi ambazo lugha haijazipa vitenzi vyake pekee. Kiswahili kimegawa kazi hiyo kwa njia yake. Harufu imekwenda upande wa kusikia. Njaa, kiu na baridi zina pande zote mbili, kwa kuwa husemwa pia naona njaa, naona kiu, naona baridi. Na aibu imebaki zaidi kwa kuona, kwa hiyo mtu huona haya. Hakuna mzungumzaji anayedai kuiona njaa kwa macho. Tena lugha yenyewe huvitofautisha vitendo hivi pale inapohitaji: kunusa kupo, kusikiliza kupo, na hakuna anayeweza kusema "nimelisikiliza ua" akimaanisha amelinusa. Jaribio hili dogo la kisarufi lingewatosha wahakiki wengi. Kitenzi cha kupokea ni kipana. Kitenzi cha kutenda kwa makusudi ni chembamba.

Vivumishi navyo vina utaratibu wake. Kali huanzia kwenye makali ya kisu, jambo la ngozi, kisha huenda kwenye pilipili, harufu, jua, sauti na rangi. Kukolea huanzia kwenye chumvi ya mchuzi, kisha rangi hukolea na muziki hukolea. Mwendo ni kutoka kwenye kugusa na kuonja kwenda kwenye kusikia na kuona. Stephen Ullmann aliugundua mwendo huo katika mashairi ya Ulaya na kuueleza katika toleo la 1957 la kitabu chake kuhusu misingi ya semantiki. Kwamba Kiswahili kinaufuata ni jambo la kuvutia, lakini linakiondolea upekee ambao wahakiki walitaka kukipa. Bodo Winter (2019) amekwenda mbali zaidi na kuhoji kama maneno haya ni sitiari hata kidogo. Huenda maana ya msingi ya "tamu" haikuwa ya ulimi peke yake, bali ya kile kinachopendeza. Kwa Kiswahili hoja hiyo ina nguvu: usingizi mtamu haulambwi.

Mahali pekee ambapo lugha inaonekana kugusa utambuzi wenyewe ni kwenye sauti nene na sauti nyembamba. Waingereza huzipanga sauti kwa juu na chini. Mswahili huzipanga pia kwa unene. Waajemi hufanya hivyo, na Dolscheid na wenzake (2013) waliwalinganisha na Waholanzi, ambao husema juu na chini. Waajemi walioonyeshwa mistari minene na myembamba walipotoshwa na unene wakati wa kuimba tena sauti waliyoisikia. Waholanzi walipotoshwa na kimo cha mstari. Hapa usemi wa kila siku umeingia kwenye kipimo cha sikio. Kiswahili kinangoja mtafiti wa kufanya jaribio hilohilo Pwani na Kampala, na lingekuwa na faida kuliko tasnifu kumi zaidi kuhusu "taswira za sinestesia" katika diwani.

Takete na uloomu

Kuna jaribio la Afrika Mashariki ambalo halitajwi katika uhakiki wa Kiswahili, ingawa lilifanyika karibu. R. Davis alichapisha mwaka 1961 matokeo ya kuwaonyesha watoto wa Uingereza na watoto wa Tanganyika, kando ya ziwa lenye jina hilo, michoro miwili: mmoja wa pembe kali na mwingine wa mviringo. Waliulizwa ni upi uitwe takete na upi uitwe uloomu, maneno yasiyo na maana kwa upande wowote. Pande zote mbili zilielekea kuipa michongoma jina takete. Baadaye Bremner na wenzake (2013) walikwenda kwa Wahimba wa Namibia. Wahimba walilinganisha majina na maumbo kama Wamagharibi, lakini walipoonjeshwa chokoleti waliilinganisha na maumbo kwa mwelekeo ulio kinyume cha ule wa Wamagharibi.

Matokeo hayo mawili yakisomwa pamoja yanaonyesha kwamba sehemu ya ulinganifu wa hisi inatokana na ubinadamu na sehemu nyingine hufunzwa na malezi. Viigizi vya Kiswahili viko kwenye mpaka huohuo: nyeusi tii, nyeupe pee, giza totoro, kimya jii. Kiganda kina zigizigi kwa weusi na giza. Sikio la mgeni pengine lingebahatisha vizuri kati ya pee na totoro ni ipi ya giza. Kwa jii lingehitaji kufundishwa.

Umuhimu wa kulisema hili katika Afrika Mashariki unatokana na historia. J. C. Carothers, daktari aliyesimamia hospitali ya Mathari huko Nairobi wakati wa ukoloni, aliandika mwaka 1959 kwamba Mwafrika wa kijijini huishi katika ulimwengu wa sauti, na Mzungu katika ulimwengu wa kuona uliojengwa na maandishi. Marshall McLuhan alilichukua dai hilo mwaka 1962 na kulisambaza duniani. Daktari huyohuyo mwaka 1953 alikuwa ameandika, kwa Shirika la Afya Duniani, kitabu kuhusu akili ya Mwafrika ambacho leo husomwa zaidi kama kielelezo cha fikra za kikoloni. Mhakiki anayeandika kwa fahari kwamba ngoma ya Mwafrika huonekana na rangi yake husikika anatumia, pengine bila kujua, mali ya Carothers iliyopakwa rangi mpya. Kilichokuwa upungufu kimegeuzwa kuwa sifa; hoja ya chini yake haijabadilika.

Amadinda: sikio linalotunga

Muziki wa Mengo unaonyesha jambo la kushangaza kuliko yote yaliyotajwa, na halimo katika sinestesia hata kidogo.

Amadinda ni marimba yenye vibao 12 vilivyolazwa juu ya migomba. Wapigaji ni watatu. Omunazi huanza, akipiga mfululizo wa mapigo yenye nafasi sawa, mikono miwili ikipiga noti ileile katika oktavu mbili. Omwawuzi, yaani mgawanyaji, huketi upande wa pili akimtazama, na kuingiza mapigo yake katikati ya yale ya mwenzake. Kwa kuwa wanatazamana, kulia kwa mmoja ni kushoto kwa mwingine. Mfululizo wa pamoja unaweza kupita mapigo 500 kwa dakika. Hakuna hata mmoja wa wapigaji hao wawili anayepiga wimbo unaosikika. Kila mmoja ana ushoni wake tu.

Sikio halipokei mfululizo huo kama ulivyo. Noti zilizo karibu kwa kimo hukusanywa pamoja, zilizo mbali hutengwa, na kutoka katika mfululizo mmoja huzuka nyimbo mbili au tatu zinazokwenda kwa wakati mmoja, kila moja ikiwa na mdundo wake wa kupindapinda. Hakuna mkono unaopiga midundo hiyo. Imo katika sikio.

Hapo ndipo huingia mpigaji wa tatu, omukoonezi. Ana vibao viwili tu, vile vya juu kabisa. Kazi yake ni kuisikia ruwaza inayofanywa na noti mbili za chini kabisa za mfululizo wa pamoja, na kuipiga oktavu mbili juu. Kwa maneno mengine, huchukua kitu kilichoundwa sikioni na kukirudisha hewani ili wote wakisikie. Kitendo hicho huitwa okukoonera.

Gerhard Kubik, kijana kutoka Austria, alifika Kampala mwaka 1959 na kujifunza amadinda kwa Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa kasri ya Kabaka aliyefanya kazi pia katika Jumba la Makumbusho la Uganda. Kubik alikuwa ameshangazwa na ugumu wa yale aliyoyasikia. Alipoketi kupiga, akagundua kwamba sehemu ya kila mpigaji ilikuwa nyepesi. Ugumu ulitoka kwingine. Makala yake ya 1960 kuhusu muundo wa muziki huo, na ya 1962 kuhusu midundo ya ndani katika muziki wa Afrika Mashariki na ya Kati, yalitangulia majaribio mengi ya maabara ya Ulaya na Amerika kuhusu namna sikio linavyogawa sauti katika mikondo, utafiti ambao Albert Bregman aliukusanya katika kitabu chake cha 1990. Itakuwa haki kuongeza kwamba aliyeanza kufundisha jambo hilo alikuwa Muyinda, na kwamba Joseph Kyagambiddwa alikuwa amekwisha kuchapisha kitabu kizima juu ya muziki wa Kiganda mwaka 1955.

Si kila mtu alimkubali Kubik. Ulrich Wegner (1993) alihoji iwapo ruwaza zinazotabiriwa kutokana na mpangilio wa noti ndizo kweli zinazosikiwa na Waganda. Mashaka hayo yana maana. Kiganda ni lugha ya toni, na kupanda na kushuka kwa noti huweza kuamsha maneno. Msikilizaji aliyekulia katika nyimbo hizo husikia sentensi ndani ya vibao, na sentensi humwongoza achague noti zipi azikusanye. Mgeni, asiyekuwa na sentensi, hukusanya kwa ukaribu wa kimo tu. Huenda basi wawili waliokaa benchi moja wakasikia nyimbo mbili tofauti kutoka kwa mapigo yaleyale, na wote wakawa na haki.

Tofauti na sinestesia iko wazi hapa. Rangi ya herufi haiwezi kufundishwa wala kushirikishwa, na aliye nayo huwa nayo peke yake. Ruwaza ya amadinda ni ya umma. Mtunzi aliipanga akijua masikio ya watu yatafanya nini, na mpigaji wa tatu ana kazi rasmi ya kuithibitisha. Kuliita hili "mchanganyiko wa hisi" ni kulipunguza. Hisi ni moja tu, na bado imezaa kitu ambacho hakikuwekwa ndani yake.

Inafaa kumtaja mtu mmoja ambaye mambo haya mawili yalikutana kwake kihalisi. György Ligeti, mtunzi mzaliwa wa Transylvania, alieleza kwamba sauti kwake ziliambatana na rangi, maumbo na hata mguso. Katika miaka ya 1980 alikutana na maandishi ya Kubik, pamoja na ya Simha Arom kuhusu Afrika ya Kati, na fikra ya midundo isiyopigwa na mkono mmoja ikaingia katika tungo zake za piano, ambazo kitabu chake cha kwanza kilikamilika mwaka 1985. Alichokichukua Ligeti kutoka Uganda hakikuwa rangi za sauti. Hizo alikuwa nazo tangu utoto. Alichukua utaratibu wa kulifanya sikio la msikilizaji lishiriki kutunga.

Lubiri, 1966

Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la serikali lilishambulia Lubiri. Kabaka Mutesa II alitoroka na akafa London mwaka 1969. Falme zilifutwa na katiba ya 1967, na kasri ikageuzwa kambi ya kijeshi. Entenga, seti ya ngoma 15 ambazo 12 kati yake zilitoa noti za wimbo, ilinyamaza pamoja na waliokuwa wakiipiga, wengi wao wakatawanyika.

Kilichopotea siku ile si ngoma tu, maana ngoma huwambwa upya. Klaus Wachsmann alikuwa amepima urari wa ala za Kiganda na kuchapisha mwaka 1950 matokeo yaliyoonyesha kinubi kilichogawa oktavu katika hatua tano zinazokaribiana kwa ukubwa. Vipimo hivyo vipo, na kanda zipo. Lakini okukoonera hakuandikwi kwenye kipimo. Mwanafunzi hujifunza kwa kuketi miaka kadhaa ndani ya sauti mpaka sikio lake lianze kutenga lenyewe. Kizazi kikikosa kuketi, noti hubaki na wimbo hupotea. Baada ya ufalme kurudishwa mwaka 1993 juhudi zilianza polepole, na katika muongo wa 2010 vijana walifundishwa tena entenga na mzee aliyesalia kati ya wapigaji wa zamani.

Hapa ndipo pa kuliona lile ambalo mikutano ya Kiswahili hulirukia. Lugha ya jeshi lililoingia Lubiri ilikuwa Kiswahili, kama ilivyokuwa tangu enzi za wakoloni. Mengo ilikuwa na wasiwasi nacho tangu mapema zaidi: Gavana Gowers alipopendekeza mwaka 1927 kukipanua katika elimu na utawala, Kabaka Daudi Chwa alikipinga kwa maandishi mwaka 1929. Idi Amin, aliyeongoza shambulio la 1966, ndiye aliyekitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Kwa watu wa rika fulani, Kiswahili husikika pamoja na buti, kizuizi cha barabarani na amri ya kukaa chini. Huo ni muungano wa hisi pia: sauti inayoamsha hofu ya mwili bila hiari na kwa kudumu. Wahakiki wanaotafuta sinestesia katika diwani hawajawahi kuitafuta huko, na kwa kweli si sinestesia bali ni kumbukumbu iliyojifunza. Lakini ina nguvu kuliko rangi ya herufi yoyote. Marekebisho ya katiba ya 2005 yaliyokipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi ya pili hayakuweza kuigusa, kwa kuwa katiba haiingii masikioni kwa njia hiyo.

Swali la istilahi

Kwa kazi ya uhakiki, mapendekezo ni machache. Sinestesia ibaki kwa ile hali ya watu wachache, isiyo na hiari na inayodumu. Takete na uloomu viitwe ulinganifu wa hisi. "Sauti tamu" na "kusikia harufu" virudishwe kwenye semantiki vilikotoka, na mhakiki aeleze kivumishi kimesafiri kutoka wapi badala ya kukibandika jina kubwa.

Kinachobaki bila jina ni kile cha mpigaji wa tatu, kusikia kilichoundwa na wengi pasipo mmoja wao kukikusudia peke yake, kisha kukitoa nje. Ushairi wa Kiswahili unakihitaji. Vina vya kati vya shairi vikisomwa kwa kushuka huunda mkondo wake, tofauti na sentensi inayokwenda mlalo, na hakuna istilahi nzuri ya kuusema mkondo huo. "Ruwaza ya ndani" ni tafsiri iliyopauka. Kiganda kinalo neno, na umbo lake linaingia katika Kiswahili bila taabu: ukoonezi. Kiswahili kimekopa kwa Waarabu, Wareno, Wahindi na Waingereza. Kwa Waganda kimekopa kidogo mno, licha ya ujirani. Wapigaji wa Mengo wapo, na Bulange, makao ya serikali ya Buganda, iko barabarani pasipo maficho. Hadi sasa neno hilo halijaombwa kwa wenyewe.